Tuijue Kahawa (5): Ladha ya Karatu kwa Maneno ya Nani?

Msimu wa minada umerejea na mjadala wa bei umewaka tena. Mimi nabaki kwenye pakiti. Zile za kahawa ya miteremko ya Ngorongoro zinazouzwa kwa watalii mjini Karatu husifiwa kwa yasmini, tunda dogo jeusi la vichakani Ulaya, na "ulaini wa hariri". Nani amewahi kuonja hariri? Mkulima wa Oldeani aliyepalilia mibuni hiyo tunda lenyewe hajaliona.

Mbwembwe hizi zilianzia kwenye mvinyo. Wazungu waliusifu mvinyo kuwa una adabu, una nasaba, ni wa kiume. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichoka, akachora gurudumu la harufu lenye vitu vya kunusika: pilipili manga, ndizi, asali. Waonjaji kahawa wa Marekani walichora lao mwaka 1995. Mbwembwe hazikuisha. Mwaka 2001, Mfaransa Frédéric Brochet alichapisha matokeo ya jaribio lake: wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, wakausifu kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliuonja kabla ya ulimi.

Sisemi waonjaji ni waongo. Yule anayevunja utando wa kahawa baada ya dakika 4, kisha akaifyonza kijikoni kwa kishindo, anafanya kazi ya kweli. Uchachu mtamu anaousikia upo, nao una historia. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 ndio walioleta mbegu ya Bourbon, iliyopewa jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Karatu, walowezi wa Kijerumani walianzisha mwaka 1929 shamba ambalo James Gibb alilinunua mwaka 1948, na kahawa ingali inalimwa hapo.

Karibu karne nzima, na bado sijaona pakiti yenye ukwaju, zambarau, ubuyu au iliki! Mnunuzi huhesabu alama za waonjaji, na kahawa ikifikisha 80 kati ya 100 huitwa maalumu. Mkulima anajua kilo tu. Asiyeweza kuitaja ladha ya kahawa yake ataidaije bei?

Viongozi wa ushirika Karatu, mavuno haya chemsheni maji, waiteni wakulima waonje kahawa yao wenyewe, na muandike watakachosema.