Injini ya Michezo Yaingia Katika Studio za Katuni

Wengi wetu tukitazama filamu ya katuni hudhani kwamba kazi kubwa ni kuchora. Kumbe kinachomeza siku ni kungoja. Mwaka wa 1995 kampuni ya Pixar ya Marekani ilipotoa Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, mashine 117 zilikuwa zimekesha zikikokotoa mwanga, vivuli na rangi za picha zaidi ya 114,000. Picha moja iliweza kuchukua dakika 45, na nyingine hata saa 30. Mwelekezi akiona kivuli kimekaa vibaya, hana budi kungoja tena.

Mtoto achezaye mpira kwenye kompyuta hangoji hivyo. Abonyezapo kitufe, picha mpya humjia mara 30 au 60 kwa kila sekunde. Kinachozitoa upesi namna hiyo huitwa injini ya mchezo. Moja yao, Unreal Engine ya kampuni ya Epic Games, ilianza mwaka wa 1998 na mchezo wa kupigana kwa bunduki, na leo imo katika studio za filamu.

Huenda msomaji akauliza: si kuinunua na kuiwasha tu? La, hapo ndipo penye kazi. Studio ya katuni hupokezana kazi kama mafundi wa nyumba. Mwenye kuunda sanamu humpa mwenye kuitia mifupa, naye humpa mwenye kuichezesha. Mtia mwanga huja karibu na mwisho. Kila mmoja ana faili zake. Injini haina subira na desturi hiyo: yataka sanamu, mwendo, mwanga na kamera viwe chungu kimoja. Watu wawili wakishika faili moja, mmoja atafuta kazi ya mwenziwe, kwa hiyo sharti pawe na kufuli. Mfupa mmoja ukibadilishwa jina njiani, mkono wa mhusika waweza kukataa kusogea.

Lakini studio ikishapanga mambo hayo, mtia mwanga huanza mapema. Mwelekezi huketi kando yake, akisema jua lishuke kidogo, likashuka papo hapo. Kwa maoni yangu, hatari nayo ni hiyo hiyo. Zamani gharama ya kungoja ilimlazimisha mtu kuamua. Sasa aweza kubadilisha mpaka usiku wa manane.

Kwamba kazi nzuri yawezekana, hapana shaka. War Is Over! ya Dave Mullins, hadithi fupi ya askari wa majeshi hasimu wachezao sataranji kwa ujumbe wa njiwa, ilitengenezwa kwa Unreal Engine pamoja na Wētā FX ya New Zealand, ikatwaa tuzo ya Oscar Machi 2024.

Mwezi uliofuata, Epic ilianza kutoza dola 1,850 kwa mwaka kwa kila mtumiaji, katika kampuni zisizotengeneza michezo na zenye mapato yapitayo dola milioni moja kwa mwaka. Studio changa ziliponea. Lakini iliyokwisha kufunza mafundi wake wote kwa injini ya mwingine haihami kwa wiki moja. Ndiyo sababu baadhi yao huhifadhi sanamu zao nje ya injini, katika faili za mtindo wa USD, ambao Pixar iliubuni na kuutoa bure mwaka wa 2016.