Mawimbi Hafifu Yahitaji Dishi Pana

Askari akihamishiwa kituo cha mbali, mara nyingi jamaa yake hukuta kwamba picha ya televisheni inakatika kila mara. Hapo hushauriwa anunue chombo cha kukuza mawimbi. Rahisi huwa ghali: chombo hicho hukuza mawimbi pamoja na makelele yaliyokwisha kuchanganyika nayo, na mshahara huenda bure.

Setilaiti za televisheni zipo juu ya Ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Mawimbi yake hufika yakiwa yamedhoofika mno, na kazi ya dishi ni kuyakusanya. Kinachokusanya ni eneo la uso wake. Kwa hiyo dishi la sentimita 120 hukusanya mara nne ya lile la sentimita 60, wala si mara mbili. Na la sentimita 90 hukusanya mara mbili na robo. Fedha ya kwanza basi itumike kununua upana. Hata hivyo, dishi lililobonyea lisinunuliwe, kwani uso uliopinda hutawanya mawimbi.

Cha pili ni kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB. Hicho nacho huongeza makelele yake. Kipimo cha makelele huandikwa kwa desibeli katika vichwa vya mawimbi ya Ku, na kwa Kelvini katika vile vya C. Namba iliyo ndogo ndiyo bora. Mawimbi ya C hayasumbuliwi sana na mvua, lakini kwa kawaida hutaka dishi la mita 1.8 au zaidi. Ya Ku hutosheka na dishi dogo, ila mvua kubwa huyafyonza.

Cha tatu ni waya. Uwe wa omu 75, uwe mfupi kadiri iwezekanavyo, na viungo vyake vikingwe maji.

Mahali pia pana neno. Kwa mtu aliye Kampala, setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini. Dishi lenye kichwa katikati hutazama juu kama bakuli na kujaa maji ya mvua. Yafaa litobolewe tundu dogo sehemu ya chini kabisa. Lile ambalo kichwa chake kiko upande wa chini husimama mshazari, na maji hutiririka yenyewe.

Kabla ya kumlipa fundi, mnunuzi aombe kuonyeshwa kipimo cha ubora wa mawimbi, si cha nguvu peke yake. Picha ya dijitali haififii polepole. Huwa safi, kisha hukatika vipande na kutoweka kwa ghafula. Kwa hiyo ubora uwe na ziada ya kutosha mbingu zikiwa nyeupe, ili mvua ipate cha kupunguza na jamaa waendelee kuona taarifa ya habari.