CHANJO YA SIDA: TUULIZE KWANZA

Ugonjwa wa Sida ungali nasi, na mpaka leo hakuna chanjo ya kuuzuia. Dawa za kumeza zipo, nazo humsaidia mgonjwa kuishi miaka mingi. Lakini chanjo bado inatafutwa, nayo haitapatikana pasipo watu wa kujitolea kuijaribu. Basi inafaa tujue mambo haya kabla hatujaombwa.

Wako watu wanaosema, "Sida ilitoka katika chanjo ya polio iliyojaribiwa kwa sokwe wa hapa." Tusiwacheke, maana neno hili lina asili yake. Mwaka 1956 waganga wa Kibelgiji walifanya kambi ya sokwe penye mto Lindi, karibu na Kisangani, ulioitwa Stanleyville wakati ule. Hapo walijaribu chanjo ya polio ya Daktari Koprowski wa Marekani. Mwaka 1958 watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi walipewa chanjo hiyo.

Je, ilileta Sida? Hapana. Mwaka 2000 mabaki ya chanjo ile yalipimwa, wala hayakuonekana ndani yake virusi vya Sida wala kitu cha sokwe. Tena mwaka 2004 ilionyeshwa ya kuwa virusi vya sokwe wa misitu ya Kisangani ni vya ukoo mwingine, sivyo vilivyozaa Sida ya watu. Na Sida ilikwisha kuingia katika watu kabla ya mwaka 1940.

Lakini angalieni: hofu humea mahali watu wasipoelezwa. Mvuvi wa Wagenia hapandi juu ya mti wa maporomoko asioujaribu kwa mkono wake. Nawe ukiombwa, uliza hivi:

1. Ndani yake mna nini? Chanjo za Sida zinazojaribiwa hazina virusi vizima vya Sida, haziwezi kukuambukiza.

2. Itanikinga? Usiitegemee. Wengine hupewa sindano isiyo na chanjo, ili walinganishwe. Endelea kujilinda.

3. Kipimo changu cha damu je? Chanjo yaweza kufanya kipimo kionyeshe Sida usiyo nayo. Waulize watakupa kipimo gani kingine.

4. Nikikataa? Matibabu yako yasipunguzwe. Na ukikubali, una ruhusa kutoka siku yoyote.

Tena wazee, akina mama na vijana wachague watu wao wa kuketi na waganga tangu mwanzo, si baada ya kazi kupangwa.

Jirani zetu wametangulia. Uganda ilianza kujaribu chanjo ya Sida mwaka 1999, kwa watu 40. Mwaka 2023 jaribio la PrEPVacc, lililofanywa Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, lilisimamisha chanjo zake kwa sababu hazikuonyesha tumaini la kukinga, na jambo hilo likatangazwa wazi. Watu wakiambiwa hata habari ya kushindwa, wataamini wakiitwa tena.

Kuuliza si ujinga. Usitie kidole chako katika karatasi mpaka umejibiwa kwa lugha unayoisikia.