Saa ya Uzito Ikigoma, Tuanze kwa Kutazama Uzito Uko Wapi

Wengi wetu hapa Babati tunaamshwa na simu. Saa ya uzito tunaiona kwa nadra, mnarani au katika nyumba ya zamani. Waliofika Zanzibar wanaukumbuka mnara wa saa wa Beit-el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Saa ya uzito haihitaji betri. Inaendeshwa na uzito unaoshuka polepole, kama ndoo kisimani, na ukifika chini lazima upandishwe. Saa kuu ya Bunge la Uingereza jijini London bado hutiwa ufunguo mara tatu kwa wiki. Kwingine kazi hiyo imeachiwa mota ya umeme.

Lakini uzito ukiwa unapandishwa, saa inavutwa na nini? Mholanzi Christiaan Huygens, aliyebuni saa ya pendulumu mwaka 1656, alitumia mnyororo usio na mwisho. Unapita juu ya magurudumu mawili yenye meno, moja la saa na jingine la kupandishia, na uzito unaning'inia kwenye kapi katikati. Upande mmoja ukivutwa, upande wa saa unabaki umekazwa. Gurudumu la kupandishia lina kijino kinacholizuia kurudi nyuma, ndugu yake yule anayelia tik-tik kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ukiacha kupiga pedali.

Sisi wa falsafa tunakumbushwa kila siku tusichanganye sababu na tokeo. Saa kusimama ni tokeo tu. Uzito ukiwa bado juu, mota haina kosa: tutafute vumbi, mafuta yaliyoganda au mishale inayogusana. Ukiwa umelala chini, saa ni nzima ila haikupandishiwa uzito. Hapo tuangalie kama umeme upo, kisha fyuzi, kisha swichi ndogo inayoguswa uzito unapofika chini. Swichi hiyo ndiyo tunayoishuku kuliko vyote, kwa sababu cheche huichoma kidogo kidogo hadi isipitishe umeme. Mota ikinguruma bila kuzunguka, huenda kapasita imekufa au mnyororo umekwama. Ikizunguka na uzito usipande, meno yamelika. Uzito ukipanda kisha ukarudi, ni kile kijino, au springi yake imelegea. Inasikitisha kuona saa ya miaka mingi ikitupwa stoo kwa ajili ya swichi.

Kosa la hatari zaidi ni swichi ya juu kutokata umeme. Mota inaendelea kuvuta hadi uzito ugonge kapi, mnyororo ukatike, na chuma kiwashukie walio chini. Uzito wa saa ya mnara unaweza kuwa mamia ya kilo. Ndiyo maana mtambo mzuri huwekewa swichi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, tuzime umeme kwenye swichi kuu, hata kama umekatika, maana ukirudi mota itaanza yenyewe. Uzito uegemezwe juu ya magogo imara, na kijino kisifunguliwe kamwe ukiwa bado unaning'inia. Kuhusu mafuta, tone moja la mafuta ya saa linatosha kwenye kila ekseli. Mafuta ya kupikia yanaganda, na kwa vumbi letu la kiangazi yanageuka tope.