Istilahi za Picha na Haki ya Mtunzi Wake

Katika fani ya picha, Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Kinachohitajika ni mipaka baina yake. Neno moja, picha, hubeba kazi ya kamera, ya brashi, ya kalamu na hata ya sinema. Katika mazungumzo utata huo hauna madhara. Katika mkataba waweza kumnyima mtu haki yake.

Tuchukue mfano wa kijana wa Lizaboni, mjini Songea, ambaye hupiga picha na kuchora pia, wala hakuajiriwa na gazeti wala idara yoyote. Aitweje? "Mpiga picha huru" humfanya aonekane kama aliyefunguliwa kifungoni. "Mpiga picha binafsi" aweza kudhaniwa kuwa ni wa mtu fulani. Tunaona "mpiga picha wa kujitegemea" yafaa zaidi, kwani tangu Azimio la Arusha la 1967 neno kujitegemea limezoeleka kwa maana ya kuishi kwa jasho lako.

Je, ni fundi au msanii? Asili ya neno sanaa katika Kiarabu ni kazi ya ufundi, hivyo maneno haya mawili ni ndugu. Lakini siku hizi mitaani "usanii" humaanisha pia ulaghai, na wapo wanaolikwepa jina hilo. Istilahi haifai kuachwa kwa sababu ya mzaha. Msanii abaki kuwa msanii.

Sasa mchapaji amtake kijana huyu "picha za kitabu". Hapana budi kubainisha:

Picha ya kamera ni ile iliyopigwa.

Mchoro ni ule uliotokana na mkono.

Kielelezo ni picha au mchoro unaofafanua maandishi.

Taswira ni picha inayojengeka akilini, haichapwi.

Vilevile tutofautishe kitabu chenye picha na kitabu cha picha. Katika cha kwanza, ukiziondoa picha, maandishi husimama. Katika cha pili, ukiziondoa, hakuna kitabu. Jarida la Film Tanzania la Faraji Katalambulla lilisimulia hadithi kwa picha zilizopigwa: huo ni mfano wa aina ya pili. Basi katika kitabu cha picha aliyezitengeneza si msaidizi wa mwandishi, bali ni mtunzi, na jina lake listahili jalada. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 huzilinda picha za kamera na michoro kama ilindavyo maandishi. Lakini mkataba wenye maneno mapana huweza kuihamisha haki hiyo pasipo mwenyewe kufahamu.

Lugha ya mafundi nayo isidharauliwe. "Kusafisha picha" kulitokana na kazi ya mkanda na dawa. Leo mkanda umeadimika, lakini neno limebaki kwa maana ya kutoa picha kwenye karatasi. Hilo ni neno hai, nasi hatuoni haja ya kulibadili.

Mkoa wa Ruvuma wenyewe umeipa lugha istilahi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Wachoraji wengi hawatafikia hapo. Yatosha majina yao yachapwe chini ya kazi zao, na mkataba useme waziwazi: mtunzi wa picha.