Je, Wajua? Mpiga Dramu wa Runinga Hulipwa kwa Macho

Vipindi vya burudani mchanganyiko vya runinga za Marekani na Uingereza vina kawaida yake: mtangazaji mwenye maneno, mchekeshaji, mwimbaji, na mgeni mmoja aliyekuja kunadi filamu yake. Pembeni kuna bendi, na nyuma ya bendi yuko mtu anayesikika kipindi kizima na ambaye watazamaji wengi hawalijui jina lake. Safu ya leo ni ya mpiga dramu.

Je, wajua kuwa ule mlio wa "ba-dum-tss" unaofuata mzaha ni mkongwe kuliko runinga yenyewe? Ulitoka kwenye majumba ya vodevili ya Marekani, yale maonyesho ya jukwaani ya vichekesho, nyimbo na sarakasi. Mchekeshaji akijikwaa, akichapwa kofi au akimaliza kisa chake, mpiga dramu alimgongea, ili hata aliyekaa kiti cha mwisho ajue kuwa hapo ndipo pa kucheka. Siku hizi tunatumiana mlio huo kwenye simu, umesharekodiwa, mtu anabonyeza tu. Studioni mambo ni mengine. Ukiwahi, umemfunika mchekeshaji neno lake la mwisho. Ukichelewa, watu wameshacheka na kunyamaza, na kichekesho kipya ni wewe.

Je, wajua kuwa zamani wapiga dramu wengi walipiga ngoma kubwa na ngoma ndogo kwa mikono ileile, wakihama huku na huku? Pedali zilikuwapo, ila nzito na za polepole. Mwaka 1909 William F. Ludwig wa Chicago alipata hataza ya pedali yenye kasi, mguu ukachukua zamu yake na mikono ikapata nafasi ya kufanya mengine.

Na mengine yalikuwa mengi! Kwenye sinema zisizo na sauti, mpiga dramu ndiye aliyekuwa na filimbi za ndege, kengele, honi, na vifuu vya nazi vya kuigiza kwato za farasi. Filamu zenye sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, wanamuziki wengi wa majumba ya sinema walijikuta mitaani. Redio iliwaokota baadhi, kisha ikaja runinga.

Je, wajua kuwa mlango wa runinga hiyo nao ulianza ukiwa umefungwa kwao? Chama cha wanamuziki cha Marekani, kikiongozwa na James Petrillo, mtu mbishi asiyetikisika, kiliwakataza wanachama wake kupiga muziki wa moja kwa moja kwenye runinga mpaka malipo yaeleweke. Marufuku ilikwisha Machi 1948. Juni mwaka huohuo mtangazaji Ed Sullivan alianza kipindi chake cha burudani mchanganyiko kwenye kituo cha CBS, kikadumu hadi 1971.

Je, wajua kuwa mmoja wa Wamarekani Weusi wa kwanza kabisa kuajiriwa kama mwanamuziki wa kudumu wa shirika kubwa la utangazaji alikuwa mpiga dramu? Gordon Powell, aliyefahamika zaidi kwa jina la Specs, aliingia CBS mwaka 1943, enzi ambazo orkestra za redio zilikuwa za Wazungu. Baadaye alipiga kwenye kipindi cha Sullivan. Katika kipindi hicho watu wanaikumbuka Februari 9, 1964, usiku ambao watazamaji wapatao milioni 73 walimwona Ringo Starr ameketi juu ya jukwaa lake dogo nyuma ya wenzake wa Beatles. Ringo alikuwa na nyimbo tano za kupiga na bendi yake mwenyewe, anazijua kama nyumbani kwao. Mpiga dramu wa kipindi alitakiwa kuwa tayari kwa mbwa wanaoruka viunzi, mwimbaji wa opera, mcheza sarakasi na mchekeshaji, wote usiku mmoja.

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Mpangaji wa muziki huleta karatasi za nota asubuhi au mchana, mazoezi ni ya saa chache, jioni taa zinawaka. Karatasi ya mpiga dramu mara nyingi ina mistari ya mkwaju tu kuonyesha mapigo, na juu yake vidokezo vidogo vya tarumbeta zinaingia wapi. Yaliyobaki ajaze mwenyewe. Jicho moja liko kwenye nota, jingine kwa kiongozi wa bendi, na akipatikana mwenye jicho la tatu, alielekeze kwa mcheza sarakasi, kwa sababu ngoma lazima ingurume wakati mtu yuko hewani na toazi lilie miguu ikigusa sakafu. Mcheza sarakasi akiteleza, nota hazisaidii kitu. Mpiga dramu hunguruma tu mpaka mwenzake ajaribu tena.

Je, wajua kuwa taa za studio zilikuwa adui? Kamera za zamani zilitaka mwanga mkali, na mwanga ule ulikuwa moto kwelikweli. Ngoma za wakati huo ziliwambwa kwa ngozi ya ndama. Yeyote aliyewahi kuona wapigaji wa huku kwetu wakipasha ngoma kwenye moto wa makuti anajua kinachotokea: ngozi inakauka, inakaza, sauti inapanda. Huku kwetu tunaitaka hivyo. Kwenye studio ilikuwa balaa, kwa sababu ngoma iliyotengenezwa sauti wakati wa mazoezi haikuwa ileile kipindi kikifika katikati, na siku ya unyevu ilifanya kinyume, ikalegea. Nafuu ilikuja mwaka 1957, kampuni ya Remo ilipoanza kuuza nyuso za plastiki. Wapigaji wa jazi walilalamika kuwa sauti imekosa utu. Mafundi wa runinga hawakulalamika.

Je, wajua kuwa Johnny Carson, mfalme wa vipindi vya usiku, alikuwa mpiga dramu wa kujifurahisha? Aliongoza The Tonight Show kuanzia Oktoba 1962 hadi Mei 1992, na kwa karibu miaka 30 ya muda huo kiti cha dramu kilikuwa cha Ed Shaughnessy. Fikiria bosi anayejua kazi yako na anaipenda. Hakuna pa kujificha. Mazungumzo ya mwanzo yakidorora, vichekesho vikianguka kimoja baada ya kingine, bendi ilimwanzishia "Tea for Two" naye Carson akacheza hatua mbili tatu za kujidhihaki. Kushindwa kukageuka kuwa kichekesho bora kuliko vyote vya usiku ule. Hilo haliwezekani bila bendi iliyokaa macho, na bendi haianzi mpaka mpiga dramu aanze.

Shaughnessy hakuwa mtu wa mlio mmoja. Alijifunza ngoma za tabla kwa Alla Rakha, bingwa wa Kihindi aliyempigia mwanamuziki Ravi Shankar. Kwenye kipindi hichohicho aliwahi kupambanishwa na Buddy Rich, ambaye wengi walimhesabu kuwa mwenye kasi kuliko wote duniani. Nani alishinda? Mashabiki wanabishana mpaka leo. Kwangu mimi, mtu anayekubali kupambana na Buddy Rich mbele ya taifa zima na kesho yake akarudi kazini ameshinda tayari.

Je, wajua kuwa mtazamaji wa nyumbani alikuwa akikosa sehemu nzuri? Matangazo ya biashara yakianza, bendi haikunyamaza. Iliendelea kuwapigia watu waliomo ukumbini, wimbo mzima, kwa nguvu zote. Wewe nyumbani ulisikia mwanzo unapotea na mwisho unarudi.

Na pesa? Wimbo wa kufungulia kipindi cha Carson uliandikwa na mwimbaji Paul Anka, na Carson akaandikwa kuwa mtunzi mwenza, hivyo nusu ya malipo ya haki za utunzi ilimwendea kila kipindi kilipofunguliwa. Mpiga dramu aliyeugonga wimbo huo usiku baada ya usiku hakuwa na sehemu katika haki hizo. Wake ulikuwa ujira wa mkataba wa chama, na nyongeza kipindi kikirudiwa.

Je, wajua kuwa wachekeshaji wengi walitokea upande wa muziki? Mel Brooks alifundishwa dramu na Buddy Rich huyohuyo na akaanza kazi kama mpigaji kwenye hoteli za mapumziko za milima ya Catskill, kabla ya kumwandikia Sid Caesar vichekesho vya runinga. Caesar mwenyewe alianza na saksafoni. Rich alipandishwa kwenye jukwaa la vodevili akiwa bado mtoto mchanga wa kutambaa na kusimama. Earl Palmer, tutakayekutana naye hapa chini, alikuwa mtoto mcheza dansi wa viatu vya kugonga. Kuchekesha na kupiga dramu zote ni kazi za kujua pa kunyamaza.

Je, wajua kuwa mpiga dramu mwenye vurugu kuliko wote katika historia ya runinga alikuwa kikaragosi? Animal wa The Muppet Show, mwenye nywele nyekundu na mnyororo shingoni, alichezwa na Frank Oz, lakini mikono iliyosikika ilikuwa ya Ronnie Verrell, Mwingereza mtulivu aliyekuwa amepigia bendi kubwa ya Ted Heath. Kipindi kilirekodiwa Elstree, nje ya London, kati ya 1976 na 1981, vipindi 120. Kiongozi wa orkestra, Jack Parnell, naye alikuwa mpiga dramu. Buddy Rich alipoalikwa, alishindana na Animal, na kikaragosi kilipoona kinazidiwa kikamvika mgeni ngoma kichwani. Kwa hiyo Verrell alicheza pambano zima na Rich bila sura yake kuonekana. Mimi naliona kuwa ndilo onyesho bora la dramu kuwahi kurushwa kwenye runinga, na sina haja ya kubishana.

Uingereza ilikuwa pia na Clem Cattini. Alipiga kwenye "Telstar" ya The Tornados, iliyofika namba moja Marekani mwishoni mwa 1962, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Beatles kufanya hivyo. Baadaye alikaa kwenye orkestra ya Top of the Pops ya BBC. Nyimbo alizopiga zilizofika namba moja Uingereza zinazidi 40. Mtaani angepita bila mtu kugeuza shingo.

Je, wajua kuwa dramu za runinga mara nyingine hupigwa kwa hesabu za picha? Filamu hukimbia picha 24 kwa sekunde. Ukitaka mapigo 120 kwa dakika, pigo moja linaangukia kila picha ya 12. Mpigaji huvaa visikilizi, anasikia mlio wa "tik, tik, tik", na anatakiwa kupiga kama mtu asiyeusikia. Jaribu kufanya hivyo na wimbo wa Mission: Impossible wa mwaka 1966, ambao Lalo Schifrin aliutunga kwa mapigo matano badala ya manne, uone kama makofi yako yatafika mwisho salama.

Los Angeles, kazi za namna hiyo zilikuwa za watu wachache. Earl Palmer alitoka New Orleans, ambako mwaka 1955 alipiga "Tutti Frutti" ya Little Richard. Hal Blaine ndiye mwenye ule mwanzo wa "Be My Baby" wa 1963, na alipiga nyimbo za The Monkees, bendi iliyoundwa kwa ajili ya kipindi cha runinga. Blaine alikuwa na muhuri wake wa mpira. Akimaliza kazi, aligonga jina lake kwenye karatasi ya nota au ukutani. Walioingia baada yake walijua nani amepita. Wote wawili waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2000, mwaka wa kwanza wanamuziki wa pembeni kutambuliwa humo.

Je, wajua kuwa mpiga dramu Viola Smith, aliyeishi miaka 107, aliandika mwaka 1942 kwenye jarida la Down Beat akizitaka bendi ziwape wanawake kazi? Dramu zake mbili zilining'inia usawa wa mabega, jambo lililomtambulisha popote. Mwaka 1989 Terri Lyne Carrington, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, alikalia kiti cha dramu cha The Arsenio Hall Show. Ni miaka 47 baada ya makala ya Viola. Hesabu mwenyewe kama ni haraka.

Je, wajua kuwa Afrika nayo ilikuwa na mtu wake kwenye kiti hicho? Anton Fig, mzaliwa wa Cape Town, alimrithi Steve Jordan kwenye kipindi cha usiku cha David Letterman mwaka 1986 na akakaa hadi kipindi kilipofungwa Mei 2015. Kuanzia 1993 alipiga ndani ya ukumbi uleule wa Broadway alimoketi Ringo. Letterman alitaka ukumbi uwe baridi kama friji, hivyo kupasha vidole moto ilikuwa sehemu ya maandalizi. Fig ndiye pia aliyepiga sehemu kubwa ya albamu ya Kiss ya 1979, Dynasty, ingawa jina lililoandikwa kwenye jalada lilikuwa la mwingine. Jordan, kwa upande wake, sasa anawapigia Rolling Stones.

Viti vyenyewe vinapungua. Kipindi cha Seth Meyers cha NBC, ambacho bendi yake ilikuwa ikialika mpiga dramu mgeni kwa wiki nzima, kiliiondoa bendi hiyo mwaka 2024 ili kubana matumizi. Kijana anayetaka kazi hii ajifunze nota, ajifunze kunyamaza, na asiache kazi nyingine aliyo nayo.