Kwa nini ndege ndogo huanguka zinapopaa: funzo kutoka Voi

Kila nipitapo Voi kwenda Mwatate, hukumbuka ajali ya tarehe 14 Mei 1931. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyeongoza safari za uwindaji, alikuwa amekuja kutafuta ndovu kutoka angani. Alipaa hapa kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth, pamoja na mtumishi wake Kamau. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka ikashika moto. Wote wawili wakafa.

Beryl Markham, aliyekuwa akijifunza urubani wakati huo, naye alialikwa safari ile. Mwalimu wake, Tom Campbell Black, alimsihi asiende. Mwaka 1936 mama huyo alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada.

Hakuna aliyesalia kueleza yaliyotokea Voi. Lakini hatari ya kupaa yenyewe inajulikana.

Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa kasi. Rubani akiinua pua kupita kiasi na kasi haijatosha, hewa huachana na bawa, nayo ndege hudondoka. Akiwa juu sana, atashusha pua, kasi irudi, aokoke. Akiwa mita 50 kutoka ardhini, hana nafasi hiyo.

Joto nalo lina lake. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, na jua la mchana hufanya hewa iwe nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuliko alfajiri.

Injini ikizimika punde baada ya kupaa, mwanafunzi hufunzwa ashuke mbele yake, asigeuke kurudi uwanjani, kwani kona hiyo humaliza kimo kidogo alichonacho.

Hapo ndipo sisi wa chini tunapoingia. Je, hapo mbele pana shamba au pana nyumba za watu? Januari 2025 ndege ndogo iliangukia Kwachocha, Malindi, ikaua watu 3 waliokuwa chini.

Uwanja wetu wa Ikanga uko karibu na mji, na mji unakua. Ombi langu kwa kaunti na wanaouza viwanja vya kujenga ni moja: ardhi iliyo kwenye ncha za uwanja ibaki wazi, kwa usalama wa mwanafunzi aliye juu na mama aliye jikoni kwake.